Sifuri Ibaki Juu: Ña Porfiria Cañete Anapostaafu

Mwalimu Porfiria Cañete, ambaye shule nzima na nusu ya mji wetu wa Arroyo Pytã inamwita kwa heshima Ña Porfiria, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupewa barua ya onyo, ukiacha ile ya mwezi uliopita.

Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, Nimia Ocampos wa mwaka wa mwisho, kwa sababu walimu waliombwa kwanza na ghafla wote wakawa na kazi nyingi. Mkuu wa shule, Bwana Quintana, alisema nikiwa nimesimama palepale, kana kwamba mimi ni kabati: "Mpeni Nimia. Mtoto mtulivu, hana maneno." Ni kweli, mdomoni sina. Nyumbani nimekua kwa Kiguarani, shuleni nasoma kwa Kiguarani na Kispanyola, na mtu akiniuliza swali mbele za watu lugha zote mbili zinanikimbia kwa mpigo, kama kuku walioona mwewe. Lakini karatasi hainikodolei macho. Mwalimu Hermelinda, anayefundisha Kiguarani na kuhariri jarida hili, alipoipokea kazi yangu alisema, "Miwani yangu imevunjika, mwanangu. Nitaichapa kama ilivyo." Miwani ilikuwa puani pake, nzima kabisa.

Ña Porfiria aliajiriwa mwaka 1994 kufundisha kupiga taipu. Wanaomkumbuka enzi hizo wanasema alikuwa anafunika vidole vya wanafunzi kwa kitambaa cha jikoni ili wasichungulie herufi, na kwamba mama yangu mdogo alipigia taipu ombi lake la kazi gizani umeme ulipokatika, bila kosa hata moja. Taipu zikafa moja baada ya nyingine. Zikaja kompyuta kuukuu kutoka ofisi fulani ya mji mkuu, zikiwa na vumbi na buibui wake. Hapakuwa na mtu wa kuzifundisha. Akajifundisha yeye kwanza, likizo nzima ya kiangazi, saa za mchana mji wote ukiwa umelala usingizi wa baada ya chakula. Masika yalipofika alisimama mbele ya darasa na kusema, "Mambo haya ninayajua hadi ukurasa wa arobaini wa kitabu. Kuanzia hapo tutapotea pamoja."

Somo lake la kwanza la programu halikuanzia kwenye kompyuta. Lilianzia barazani nje ya chumba cha mashine, maana ndani maji hayaruhusiwi, na hiyo ni sheria aliyoiandika ukutani kwa rangi ya mlango. Alikaa kwenye kiti cha kamba, akatoa chupa ya maji ya barafu, majani ya yerba, mrija wa chuma, na guampa yake, ile pembe ya ng'ombe anayonywea tereré, chai yetu ya baridi, tangu hatujazaliwa. Akainyanyua.

"Hii ni nini?"

"Guampa, Mwalimu," tukajibu. Tukadhani anatania.

"Imo nini ndani?"

"Maji."

"Nikishampa Isidro akanywa, kisha nikamimina tena, yale maji ya kwanza yako wapi?"

"Tumboni kwa Isidro!"

"Guampa imebadilika?"

Haikuwa imebadilika. Ilikuwa pembe ileile, jina lilelile. Kilichobadilika ni kilichomo. Basi tukawa tumeshajifunza kile ambacho vitabu vinakiita kigeu: chombo chenye jina, kinachobeba kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukimimina kipya cha zamani hukioni tena. Sijawahi kusahau, na sidhani Isidro amesahau, kwa sababu siku hiyo alikunywa hadi akakosa raha.

Kisha akatufundisha kuanza. Kwetu maji ya kwanza ya tereré hayanywi mtu. Unamimina, unaweka guampa chini, unasubiri. Hayo ni ya Mtakatifu Tomaso. Majani yakishayafyonza ndipo mzunguko unaanza, guampa moja mkono kwa mkono. "Na kompyuta ni hivyohivyo," alisema. "Kabla hujamimina chochote cha maana, mpe Mtakatifu chake. Mpe sifuri. Usipoweka sifuri, hujui ndani mlibaki nini tangu jana." Tukaandika mstari wetu wa kwanza:

guampa = 0

Halafu wa pili, ambao ulizua vita:

guampa = guampa + alama

Bwana Quintana siku hizo alikuwa bado mwalimu wa hisabati. Alipita, akasoma ubaoni, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Ña Porfiria, huo ni uongo. Kitu hakiwezi kuwa sawa na chenyewe halafu na zaidi."

"Usisome 'ni sawa na', Mwalimu mwenzangu. Soma 'mimina ndani'. Chukua kilichomo, ongeza alama, rudisha kwenye pembe."

"Alama ya usawa ni alama ya usawa tangu babu yangu."

"Babu yako alikuwa na kompyuta?"

Darasa lilicheka, naye alicheka, tena sana. Akavuta kiti, akaomba mzunguko mmoja, akaondoka amemimina jumla yake mwenyewe ubaoni bila kosa. Naomba msomaji alikumbuke hilo. Mkuu wetu wa shule anaijua hesabu hii. Alifundishwa na mwalimu bora.

Visa vya kuchekesha ni vingi na nimeambiwa niviweke. Isidro Brítez alipoandika programu yake ya kwanza ya kutafuta wastani wa masomo matatu, alisahau mabano. Alikuwa na tano, nne na tatu. Kompyuta, ambayo hugawanya kabla ya kujumlisha, ikagawanya ile tatu ya mwisho peke yake, ikaongeza zilizobaki, ikampa kumi. Kwetu alama ya juu ni tano. Isidro hakushangaa hata kidogo. Alikimbia kwao kumwambia mama yake kwamba yeye ana kipaji cha watu wawili, na mama wa watu akakanda chipa, mkate wetu wa jibini, akaoka, akaleta kikapu kizima shuleni. Ña Porfiria aliacha tule kwanza hadi ya mwisho, akajifuta mikono, ndipo akasema, "Sasa, fundi, nenda kaweke mabano, na ukitoka hapo umwombe radhi mama yako."

Mwaka mwingine alikuja mkaguzi, msomi aliyekulia Ulaya, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Jua lilikuwa kali. Akapewa guampa, akanywa, na kwa adabu za huko alikokulia akairudisha akisema, "Asante." Kwetu kila mtoto anajua: kwenye mzunguko wa tereré husemi asante mpaka umetosheka. Asante maana yake nimemaliza, niruke. Basi Ña Porfiria akamruka. Guampa ikamzunguka alasiri yote kama mto unavyozunguka jiwe, naye akiitazama, midomo imemkauka, anauliza maswali kuhusu mitaala. Alipokuwa anapanda gari ndipo alipoambiwa. Inasemekana alicheka hadi njia panda, na ripoti yake ikawa nzuri.

Nikiendelea na visa hivi nitafika mwisho wa ukurasa nikiwa bado sijasema kilichompeleka nyumbani. Nafikiri ndicho walichotarajia walioniambia niviweke.

Novemba iliyopita kikundi chetu cha kompyuta kiliandika programu ya kukokotoa wastani wa mwisho wa mwaka kwa shule yote. Ilikuwa mara ya kwanza. Zamani kila mwalimu mlezi alifanya kwa kalamu. Ña Porfiria alitupangia masomo na akakiweka Kiguarani cha kwanza. "Kimekaa nyuma ya darasa miaka ya kutosha," alisema. Isidro ndiye aliyekuwa kwenye kibodi. Sote tulikuwa tumemzunguka, tunampigia kelele. Akaandika: soma alama ya kwanza, mimina. Kisha akasita.

"Mwalimu, Mtakatifu je?"

Mwalimu alikuwa mlangoni anagombana na fundi umeme. Akajibu bila kugeuka, "Mpe chake!"

Isidro akampa. Aliandika sifuri yake pale alipofika, chini ya alama ya kwanza, kwenye guampa ya jumla na kwenye idadi ya masomo pia, kisha akaendelea na masomo mengine yote. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa Arroyo Pytã alimiminiwa alama yake ya Kiguarani, na papo hapo ikamwagwa. Idadi nayo ilianza upya, jumla ikagawanywa kwa masomo tisa badala ya kumi, na majibu yakatoka yamenyooka, yana sura ya kweli. Hakuna aliyeshtuka. Mtakatifu Tomaso alikunywa Kiguarani cha shule nzima.

Machi orodha ya heshima ikabandikwa. Wa kwanza ndiye hubeba bendera tarehe kumi na nne Mei, siku ya uhuru, mbele ya gwaride, mji wote ukiwa pembeni ya barabara. Kwa wageni ni kitambaa. Kwetu kuna nyumba ambazo picha ya mbeba bendera imetundikwa juu kuliko ya harusi. Jina la kwanza lilikuwa la Fabricio Zelada, wastani tano kamili. La pili lilikuwa langu. Baba yake Fabricio ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, naye ndiye aliyekileta kiyoyozi cha chumba cha mashine. Siku iliyofuata glavu nyeupe za mbeba bendera zilishaagizwa.

Aprili, wakati wa mapumziko, Mwalimu Hermelinda alikuwa kwenye mzunguko wa walimu akisoma orodha ukutani. Akasema kwa mzaha, "Tano kamili? Huyu mtoto wa Zelada? Kwangu alipata tatu, tena ya huruma. 'Habari za asubuhi' anaitamka kama anayemfukuza mbuzi."

Walimu wakacheka. Ña Porfiria hakucheka. Zamu ilikuwa yake kunywa. Akaiweka guampa chini imejaa, akainuka, akaenda chumba cha mashine. Mtu hawezi kupata tatu mahali fulani akatoka na tano kamili. Hiyo si kompyuta, hiyo ni akili ya muuza mayai. Mimi nilikuwa humo ndani nafagia. Nilimwona anaivuta programu kwenye skrini, anashuka nayo mstari kwa mstari kwa kidole, na kidole kikasimama. Akasema kwa Kiguarani, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "Niliwafundisha Mtakatifu kupita kiasi."

Alimwita Isidro. Isidro aliona, akawa mwekundu, akaanza kulia, mvulana mwenye sharubu tayari.

"Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye niliyeandika."

"Uliandika. Nani aliyesema ipite?"

"Wewe."

"Basi kalilie makosa yako mwenyewe. Hilo ni langu. Sasa njoo unionyeshe, sifuri inakaa wapi?"

"Juu. Kabla ya yote."

"Ihamishe."

Akaihamisha. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu: mistari miwili kupanda juu. Wakaiendesha upya. Wengi hawakubadilika sana. Watoto wa vitongojini, ambao Kiguarani ndiyo alama yao nzuri, walipanda kidogo. Baadhi ya watoto wa mjini walishuka kidogo. Fabricio akawa na nne nukta nane. Mimi nikawa na nne nukta tisa, kwa sababu mahali pekee nilipokosa tano ni kuzungumza Kispanyola mbele ya darasa, ambako nilisimama dakika nzima nikitazama viatu vyangu.

Ña Porfiria alinitazama. "Nimia, mwanangu, bendera ni yako."

Nitasema ukweli, kwa kuwa hakuna atakayeniuliza ana kwa ana. Sikufurahi. Nilijiona katikati ya barabara, macho yote ya mji yananila, na nilitamani niugue hadi Juni. Nilisema, "Mwalimu, tunaweza kuacha tu." Alinijibu bila ukali: "Wewe unaweza kukataa kuibeba. Hiyo ni haki yako. Lakini huwezi kukataa hesabu." Nilikwenda nyumbani nikamwambia bibi. Bibi hajui kusoma lugha yoyote kati ya hizo mbili. Alikaa akitazama mbwa, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kilichomwagwa ni Kiguarani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ubebe." Tangu usiku huo nikaanza kuitaka, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuitaka.

Siku ya pili Ña Porfiria alimpelekea Mkuu orodha iliyosahihishwa. Mlango ulikuwa wazi kwa joto, nami nilikuwa benchini nje, nimeambiwa nisubiri niitwe. Sikuitwa.

"Orodha imeshabandikwa, Mwalimu," Mkuu alisema.

"Imebandikwa ikiwa na kosa."

"Kosa dogo. Nukta ngapi hizo? Na glavu zimeshafika."

"Glavu zinaingia mkono wowote."

"Ña Porfiria, tusikilizane kama watu wazima. Zelada ametuletea kiyoyozi. Mwaka huu anatuletea paa. Kwa nini Kiguarani kisikae nje ya hesabu kwa mwaka mmoja tu? Nani atalalamika? Tutasema mashine ndiyo imesema."

"Mashine haisemi, Bwana Quintana. Mashine inarudia. Aliyesema ni mimi, na nilisema vibaya. Wewe unaijua hesabu hii. Uliiandika ubaoni kwangu kwa mkono wako."

Nilisikia kalamu ya Mkuu inagongwa mezani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo bado inaniuma kwa sababu haikuwa ya mtu mbaya, ilikuwa ya mtu aliyechoka: "Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru."

Ña Porfiria alikataa ombi. Asubuhi iliyofuata kabla ya kengele alibandika mwenyewe orodha ya pili kando ya ile ya kwanza, na chini yake programu mbili, ile yenye sifuri chini na ile yenye sifuri juu, na mstari mmoja wa mwandiko wake: kosa ni langu, Porfiria Cañete. Ilikaa hadi mapumziko ya pili. Watu waliisoma. Muuza chipa wa getini aliisoma, akamuuliza mwanafunzi mmoja maana yake, akaelewa kwa maneno mawili. Baada ya mapumziko ukuta ulikuwa na orodha moja tu, ile ya zamani.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya onyo, kwa kubandika tangazo bila idhini. Na hati zake za kustaafu, ambazo alizijaza miaka mitatu nyuma kisha akaomba zisubiri, ziliamka kabatini na kukimbia kuliko hati yoyote niliyowahi kusikia nchini hapa. Aliomba kumaliza mwaka hadi Novemba ili kikundi chetu kimalize kazi yake. Alijibiwa kwamba amestahili kupumzika. Kuanzia Juni chumba cha mashine kitafundishwa kwa video.

Siwezi kuandika wasifu huu nikamfanya Fabricio kuwa shetani. Siku mbili kabla ya gwaride alinivizia kwenye bomba la maji.

"Nimia. Mimi najua nilipata tatu. Sio mjinga."

Nikafungua bomba, nikajaza chupa yangu.

"Nimemwambia baba. Kasema nikirudia neno hilo atamuuza farasi wangu." Akapiga teke kokoto. "Wewe si unaogopa watu? Si afadhali niibebe mimi?"

Hilo la mwisho alilisema kwa Kiguarani, amelivunja mbavu zote, lakini alilisema. Nilimjibu kwa Kispanyola, sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mvulana: "Naogopa, lakini ni yangu." Akaitika kwa kichwa, akaondoka. Kwenye gwaride alibeba bendera ameinamisha uso kana kwamba jua lilikuwa mbele yake, na jua lilikuwa mgongoni.

Mimi nilitembea safu ya tatu. Kwa mita chache za mwanzo nilishukuru kwamba hakuna anayenitazama. Kisha nikamwona Ña Porfiria. Hakuwa kwenye safu ya walimu. Jina lake lilikuwa limeshaondolewa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara kati ya wauza puto na kina mama, amevaa gauni lake la sherehe, chupa ya maji begani. Bendera ilipopita alisimama wima kwa heshima, kwa kuwa bendera haina kosa. Safu yetu ilipofika, akanitafuta kwa macho, akanipata, akainua guampa kidogo. Ndipo nilipokoma kushukuru.

Jumatatu iliyopita ndipo kilipokuwa kipindi chake cha mwisho. Hatukuwasha mashine. Tulikaa barazani, naye akamimina ya kwanza, akaiweka chini, akamsubiri Mtakatifu. Isidro akasema, "Huyu mwaka huu kashiba." Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi, au alifuta machozi akasingizia kicheko. Mzunguko ukaanza. Katikati yake Mkuu akatokea, pengine kwa nia njema, akasimama bila kukaa. Ña Porfiria, kama anavyompa kila mtu tangu 1994, akajaza guampa, akampa. Mkuu akanywa. Ni mzaliwa wa hapa, si mkaguzi wa Ulaya. Akairudisha kwa mikono yote miwili na kusema, "Asante, Mwalimu."

Ña Porfiria akaipokea, akaijaza tena, akamruka, akampa aliyefuata. Mkuu alikaa kidogo kwenye jua kisha akarudi ofisini.

Mazungumzo ya Ña Porfiria na mimi yalikuwa mafupi. Wakati wengine wanakusanya viti aliniuliza, "Programu unayo?"

"Ninayo, Mwalimu. Nyumbani na shuleni."

"Sifuri iko wapi?"

"Juu."

"Novemba watakuja tena kutaka wastani, na video haitawapa. Watakuja kwa mtu asiye na maneno. Utawaendeshea ipi?"

"Hiyohiyo."

"Na wakikwambia Kiguarani kikae nje?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nilisema, "Nitasimama palepale kama kabati." Alinipiga begani, akasema kabati zuri halihamishwi na mtu mmoja.

Sasa nimefika mahali ambapo wasifu hutoa shukrani kwa niaba ya shule na kumwambia mstaafu akapumzike. Nimeandika neno hilo la shukrani mara kadhaa na kila mara nimelifuta. Mkuu ameshalisema kwa niaba ya shule, nasi tuliokuwepo tulimwelewa. Sisi wa kikundi cha kompyuta, na bibi yangu, na muuza chipa wa getini, hatulisemi.

Ña Porfiria, maji yako yawe baridi na majani yako yasiishe ladha. Kiti chako cha kamba kipate kivuli, na magoti yako yakupe amani. Uwe na afya, ulale mchana kama watu wengine, usingizi ule ulioukosa ukitusomea. Alhamisi tutakuja kwako, Isidro na mimi na wengine, na chipa ya mama yake, iliyookwa safari hii kwa sababu ya kweli. Sifuri iko juu. Guampa iko mkononi mwako. Tukikurudishia tutanyamaza, nawe utajua la kufanya: mimina tena.